Neno na Picha katika Filamu za Kimya

Jina la kitu aghalabu hutangulia kukihukumu kabla kitu chenyewe hakijatazamwa. Filamu zilizotengenezwa kabla ya sauti kuunganishwa na picha huitwa na Wafaransa, Wajerumani na Waitaliano kwa majina yenye maana ya "bubu". Waingereza huziita za "kimya". Na Wajapani huziita "zisizo na sauti". Katika Kiswahili majina yote matatu yawezekana, lakini hayalingani. Bubu ni mtu asiyeweza kusema. Anyamazaye aweza kusema ila hasemi. Na kisicho na sauti chaweza kuwa jiwe. Watu waonekanao katika filamu hizo hawamo katika fungu lolote kati ya hayo. Wao husema sana: hugombana, huapa, hubembeleza, hutoa hukumu, na midomo yao huonekana ikicheza. Asiyesikia ni mtazamaji. Ndiyo sababu Mfaransa Michel Chion, katika kitabu chake juu ya sauti katika sinema kilichotoka mwaka 1982, alidokeza kwamba kiziwi ndilo jina lililostahili zaidi sinema hiyo kuliko bubu. Makala haya yanatumia "filamu za kimya", kwa kuwa kimya ni hali ambayo yaweza kuwa ya chumba chote, msemaji na msikilizaji pamoja, wala si kilema cha mtu mmoja.

Makala yanakusudia kutaja filamu chache za namna hiyo zinazostahili kutazamwa leo, na kueleza sababu za kuzichagua. Hazikuchaguliwa kwa umaarufu tu. Zimechaguliwa kwa kuwa kila moja humpa mwanafunzi wa lugha jibu la swali ambalo vitabu vya sarufi hulijibu kwa shida: ni jambo gani linaloweza kuelezwa bila neno, na ni jambo gani ambalo pasipo neno haliwezi kuelezwa kabisa? Hapajapata kuwako jaribio kubwa la swali hili kuliko lile lililofanywa na sinema kwa muda wa thuluthi moja ya karne.

MAHALI PA NENO

Muda huo wajulikana. Tarehe 28 Desemba 1895 ndugu Lumière walionyesha picha zao mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio katika Grand Café, Paris. Na mwezi wa Oktoba 1927 The Jazz Singer ilionyeshwa New York, ikiwa na nyimbo na maneno machache yaliyosikika. Baada ya hapo sauti ilienea upesi katika nchi tajiri, na polepole kwingineko.

Katika muda huo ukumbi wa sinema haukuwa mahali pa kimya. Palikuwa na mpiga piano, au kinanda kikubwa, au bendi nzima. Na katika nchi kadhaa alisimama msimulizi kando ya kiwambo. Neno lenyewe liliandikwa katika vibao vilivyopigwa picha na kuingizwa kati ya picha za mchezo. Vibao hivyo vitaitwa hapa "maandishi ya kati". Yalikuwa ya namna mbili: yale yaliyotoa maneno ya wahusika, na yale yaliyotoa sauti ya mtunzi mwenyewe, kama vile kutaja mahali, kuhesabu miaka iliyopita, au kumsifu na kumlaumu mtu.

Sifa moja ya maandishi hayo ina maana kubwa kupita nyingine zote: yaliweza kukatwa na kutiwa mengine. Filamu iliyotengenezwa Berlin iliondolewa maandishi ya Kijerumani, ikatiwa ya Kihispania, ikaonyeshwa Buenos Aires, wala mtazamaji wa huko hakuona mwigizaji akitamka lugha ya kigeni. Kwa hiyo wapo waliodai kwamba lugha ya wanadamu wote imepatikana mwisho wa yote, na laana ya Babeli imeondolewa.

Dai hilo lahitaji kupunguzwa. Ishara nazo ni desturi. Mtu wa Afrika Mashariki akimwita mwenziwe kwa kiganja kilichoelekea chini, mgeni wa Ulaya ya kaskazini aweza kudhani kwamba mtu huyo anafukuzwa. Hata hivyo hoja kubwa zaidi si tofauti ya desturi, bali ni tofauti kati ya picha na sentensi. Picha husema "kuna". Haiwezi kusema "hakuna". Huonyesha mtu anayekwenda. Haiwezi kuonyesha kwamba angalikwenda. Picha, yaani, haina kikanushi wala haina kiambishi cha -nge-. Filamu zifuatazo zathibitisha jambo hilo, tena zilizo bora kabisa zalithibitisha waziwazi.

UKANUSHO NA SHARTI

Ya kwanza ni Der letzte Mann, iliyoongozwa na F. W. Murnau mwaka 1924, ikaandikwa na Carl Mayer, na kupigwa picha na Karl Freund. Ni habari ya mzee, bawabu wa hoteli kubwa, ambaye heshima yake yote imo katika sare yake yenye vifungo vya kung'aa. Siku moja meneja amwona amechoka baada ya kubeba sanduku zito. Mzee avuliwa sare na kupelekwa chini kulinda vyoo na kuwapa wageni taulo. Usiku aiba sare yake ile, apate kuivaa katika arusi ya nyumbani, majirani wasijue. Emil Jannings, aliyecheza mzee huyo, haigizi huzuni kwa uso tu. Mgongo wake wazeeka mbele ya macho ya mtazamaji. Kamera nayo haikai mahali pamoja: hushuka kwa lifti, huvuka ukumbi, na mzee anapolewa, dunia nzima huyumba pamoja naye.

Filamu hii karibu haina maandishi ya kati. Yapo maandishi yaliyo ndani ya mchezo wenyewe, kama barua anayopewa mzee. Lakini mtunzi asema mara moja tu, karibu na mwisho. Mzee ameinama katika chumba cha vyoo, na yote yamekwisha. Hapo kibao chatokea kueleza kwamba katika maisha ya kweli habari ingeishia hapa, na mzee asingekuwa na la kungojea ila kifo. Bali mtunzi amemhurumia akamtungia mwisho usioelekea kuwa kweli. Ndipo mzee arithi mali ya tajiri wa Marekani, na kula karamu katika hoteli ile ile.

Wahakiki wengi wamebishana kama mwisho huo waifaa filamu au waiharibu. Mwanafunzi wa lugha ataona jambo jingine. Murnau na Mayer waliweza kueleza kiburi, aibu, wizi, ulevi na uzee bila ya neno. Lakini walipotaka kusema "ingekuwa" na "isingekuwa" hawakuwa na njia ila kuandika. Kibao hicho kimoja si udhaifu wa filamu. Ni mpaka uliowekwa mahali pake hasa. Yafaa kutaja pia kwamba jina la Kijerumani lina maana ya "mtu wa mwisho", yaani aliye chini ya wote, ambapo watangazaji wa Kiingereza waliipa jina lenye maana ya "kicheko cha mwisho". Jina la kwanza lamtazama mzee aliyeshushwa cheo. La pili laharakisha kumwambia mtazamaji kwamba mzee atashinda. Tafsiri ya maneno machache imebadili filamu kabla haijaanza.

Ya pili ni Mtu Mwenye Kamera ya Dziga Vertov, iliyotoka mwaka 1929. Haina hadithi wala waigizaji. Ni siku moja ya mji, tangu watu walalapo asubuhi hata jioni wajapo kutazama sinema. Na mji huo umeungwa kwa vipande vya Moscow, Kyiv, Kharkiv na Odesa. Mikhail Kaufman, nduguye Vertov, ndiye mpiga picha aonekanaye akipanda madaraja na minara. Na Yelizaveta Svilova, mkewe Vertov, ndiye aliyeunganisha vipande hivyo, naye pia aonekana kazini, mkasi mkononi. Wapo wachache walioonyesha kazi yao wenyewe kwa uwazi namna hii. Harusi na talaka, uzazi na maziko, kiwanda na kinyozi, vyote vyawekwa ubavuni kwa ubavuni, hata mtazamaji aona mwenyewe uhusiano ambao hakuambiwa.

Vertov alitaka filamu yake iwe lugha ya sinema iliyo ya mataifa yote, isiyotegemea ukumbi wa michezo wala uandishi. Naye alitangaza hivyo mwanzoni mwa filamu: kwamba haina maandishi ya kati, haina mchezo ulioandikwa, haina jukwaa wala waigizaji wake. Tangazo hilo alilitoa kwa maandishi. Hakuwa na budi. Filamu yaweza kukosa maandishi kwa saa nzima, lakini haiwezi kusema kwamba imeyakosa ila kwa kuandika. Kikanushi kimerudia mara tatu mlangoni, kisha picha zikaachiwa nyumba.

Ya tatu ni La Passion de Jeanne d'Arc, iliyoongozwa na Mdenmark Carl Theodor Dreyer huko Ufaransa na kutoka mwaka 1928. Mambo yake yametolewa katika kumbukumbu za kesi ya mwaka 1431, ambamo Jeanne, msichana wa mashamba aliyeongoza askari, alihukumiwa kuchomwa moto. Karibu filamu yote ni nyuso: uso wa Renée Falconetti, aliyenyolewa nywele mwishoni, na nyuso za makadhi wa kanisa, zisizopakwa rangi, zikionyesha kila kunyanzi. Mtazamaji aona midomo ikisema kabla ya kibao kutokea, na baada ya kibao kuondoka aiona ikimalizia. Hivyo neno lililoandikwa lakaa ndani ya tendo la kusema kama kokwa ndani ya tunda.

Katika kesi hiyo aliulizwa kama yumo katika neema ya Mungu. Lilikuwa swali la mtego: akisema ndiyo, amejikweza, akisema siyo, amekiri dhambi. Jeanne hakukubali wala hakukanusha. Alijibu kwa sharti mbili, moja ya kuwamo na moja ya kutokuwamo, na kila moja akaifuatisha dua. Ndiyo kusema aliokolewa, kwa saa hiyo, na neno "ikiwa". Uso wa Falconetti waonyesha hofu ya swali na utulivu wa jibu, lakini sharti lenyewe halionekani usoni mwa mtu yeyote. Filamu hii ni somo la ushirikiano: neno lafanya kazi ambayo picha haiwezi, na picha yaeleza gharama ya neno hilo kwa yule aliyelitamka.

MFANO, WITO NA SABABU

Picha, pamoja na upungufu huo, ina balagha yake. Sergei Eisenstein, katika Meli ya Kivita Potemkin ya mwaka 1925, alisimulia maasi ya mabaharia wa mwaka 1905. Sehemu ijulikanayo zaidi ni ile ya ngazi za Odesa, ambapo askari washuka kwa hatua za mashine wakiwapiga risasi raia. Baada ya hapo meli yajibu kwa mizinga, na mtazamaji aona simba watatu wa mawe: mmoja amelala, wa pili ameinua kichwa, wa tatu amesimama. Ni sanamu tatu zisizosogea. Zikifuatana upesi huwa simba mmoja aamkaye. Hiyo ni tashbihi isiyo na neno "kama". Eisenstein mwenyewe, katika insha ya mwaka 1929, alilinganisha uungaji wa picha na herufi za Kichina na Kijapani, ambamo alama ya jicho na alama ya maji zikiwekwa pamoja huleta maana ya kulia. Picha mbili zikikutana, alisema, huzaa fikira isiyokuwamo katika yoyote kati yake.

Lakini wakati askari wameamriwa kuwapiga mabaharia wenzao, na bunduki zimekwisha kuinuliwa, Eisenstein hakutegemea tashbihi. Baharia Vakulinchuk apaza sauti, na kibao chatoa neno moja la wito: ndugu. Kisha chawauliza wanampiga nani. Bunduki zashuka. Wito nao ni kitu ambacho picha haina. Picha yaweza kuonyesha watu wawili wanaofanana, haiwezi kumwita mmoja kwa jina la undugu. Mfasiri wa Kiswahili ana bahati hapa, kwani neno "ndugu" kwa Waswahili latumika kwa aliyezaliwa tumbo moja na kwa mwenzi wa siasa pia, na Tanzania lilikuwa kwa miaka mingi jina la heshima la kila raia. Kirusi kina maneno mawili kwa mambo hayo, na Vakulinchuk alichagua lile la damu. Kiswahili chaweza kulifasiri kwa neno lililobeba yote mawili. Lakini mfasiri ajue kwamba amepata zaidi ya alichopewa.

Filamu hiyo yaonyesha pia hatari ya maandishi. Kibao cha mwanzo kilikuwa na maneno ya Trotsky. Trotsky alipoangushwa, kikaondolewa na kuwekwa maneno ya Lenin. Picha hazikuguswa, na maana ya mlango wote ikabadilika. Huko Uingereza watawala waliona picha zenyewe ndizo zenye hatari, wakazuia filamu isionyeshwe kwa watu wote hata mwaka 1954.

Katika Sunrise, iliyotengenezwa na Murnau huyo huyo nchini Marekani mwaka 1927, maandishi yenyewe huigiza. Mwanamke wa mjini amshawishi mkulima amwondoe mkewe, na kibao chauliza kama mke huyo hawezi kufa maji. Herufi zake hapo hapo zaanza kuteremka na kuzama. Kitenzi cha Kiingereza kilichotumika kinamficha mtenda: mwanamke hasemi "mwue", auliza tu kama jambo haliwezi kutokea. Kiswahili kina ngazi nzima kwa ajili ya kuficha na kufichua: kuzama, kuzamishwa, kuzamisha; na juu ya hayo "kufa maji", ambayo yautwika maji lawama yote. Mfasiri akiandika "kuzamishwa" amekwisha kumfichua mwuaji, na mshawishi amepoteza hila yake.

Filamu za kuchekesha nazo zastahili kutazamwa kwa uzito ule ule. Katika The General ya mwaka 1926, Buster Keaton acheza dereva wa garimoshi wa upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kisa kimetokana na tukio la kweli la mwaka 1862, ambapo watu wa Kaskazini waliiba garimoshi na kukimbia nalo. Kwa muda mrefu filamu ni kufukuzana kwa magarimoshi mawili, kwenda na kurudi, na kila mzaha wa safari ya kwenda hupata jibu lake katika safari ya kurudi, kama vina vya shairi. Daraja liunguapo na garimoshi la kweli likatumbukia mtoni, hakuna sentensi iwezayo kuongeza kitu. Lakini mzizi wa kisa ni neno: dereva akataliwa kuandikwa jeshini kwa kuwa ana manufaa zaidi katika garimoshi, na sababu hiyo huambiwa kila mtu isipokuwa yeye. Mtazamaji aliyeisoma katika kibao hucheka; dereva asiyeijua hufedheheka. "Kwa sababu" nayo haina picha. Yapasa kuongeza kwamba filamu hii ina kimya kingine kisichosameheka kwa urahisi: yasimulia vita hivyo kwa kuupendelea upande wa Kusini, wala haitaji utumwa uliopiganiwa.

Charles Chaplin alitoa City Lights mwaka 1931, wakati sauti ilikwisha kushinda. Filamu yaanza kwa wakuu wa mji wakihutubu penye kuzindua sanamu, na hotuba zao zasikika kama mlio wa zumari mbovu. Kwa mzaha huo Chaplin alieleza maoni yake juu ya maneno mengi. Kisha aja msichana kipofu auzaye maua, amdhaniaye mtu fukara kuwa ni tajiri kwa kuwa amesikia mlango wa gari ukifungwa. Habari nzima imesimama juu ya sauti ambayo mtazamaji haisikii, bali aona imesikiwa.

Mwishoni msichana amepona macho. Amwona fukara, amcheka, ampa ua na sarafu. Na agusapo mkono wake amtambua. Kibao kina kiwakilishi kimoja tu cha Kiingereza na alama ya kuuliza. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kukaa mlangoni, lazima aingie. "Wewe?" yaweza kusikika kama dharau. "Kumbe ni wewe!" yaongeza mshangao ambao uso wa msichana umeuzuia. "Ndiwe?" yathibitisha kwamba aliyengojewa ndiye huyu, na pengine ni mapema mno kuthibitisha. Fukara amwuliza kama sasa aona, naye ajibu kwamba sasa aona. Na hapa Kiswahili hakipungukiwi na chochote, kwani kuona ni kwa macho na ni kwa moyo pia.

MSIMULIZI KANDO YA KIWAMBO

Nchini Japani neno halikuachiwa vibao peke yake. Msimulizi aitwaye benshi alisimama kando ya kiwambo, akaigiza sauti za wahusika wote, akaeleza desturi za kigeni, na kwa watazamaji wengi yeye ndiye aliyekuwa kivutio kuliko waigizaji. Nguvu ya wasimulizi hao ni mojawapo ya sababu zilizofanya filamu za kimya ziendelee kutengenezwa huko hata katikati ya miaka ya 1930.

Matunda ya wakati huo ni mengi, na lililo jepesi kulionja ni filamu ya Yasujirō Ozu ya mwaka 1932, ambayo jina lake lina maana ya "Nimezaliwa, lakini...". Watoto wawili waliohamia kitongoji cha Tokyo wamshinda kwa ubabe mtoto wa bosi wa baba yao. Siku moja waalikwa kutazama picha za nyumbani kwa bosi, na katika picha hizo wamwona baba yao akijifanya kichekesho ili kumpendeza mkubwa wake. Watoto warudi nyumbani wamekasirika na kususa chakula. Wataka kujua kwa nini baba huinama mbele ya mtu ambaye wao wampiga mwanawe. Ozu hana haja ya kueleza ngazi za heshima. Pinde za mwili zatosha. Jibu la "kwa nini", hata hivyo, laandikwa, na halimridhishi mtoto wala baba.

Afrika Mashariki ina sura yake katika habari ya neno lililotengana na picha. Kati ya miaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu fupi za mafunzo. Picha zilipigwa bila sauti, na maneno yakatiwa katika sahani za santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine, sahani ikibadilishwa kwa kufuata mahali filamu ilipopelekwa. Filamu hizo hazipendekezwi hapa kwa usanii wake, na dhana za kikoloni juu ya akili ya mtazamaji Mwafrika zimezitia doa. Lakini zaonyesha jinsi picha moja ilivyoweza kuvishwa lugha nyingi. Katika miaka ya karibuni wasimulizi wa Kampala na Dar es Salaam wamesema juu ya filamu za kigeni kwa Kiganda na Kiswahili, wakifasiri, wakieleza na kutia mizaha. Hawakujifunza kwa benshi. Hitaji moja limezaa ufundi unaofanana.

MANENO YALIYOPOTEA NA KURUDI

Filamu ya mwisho katika orodha hii ndiyo ionyeshayo wazi zaidi ni kwa nini jambo hili ni la wanalugha. Within Our Gates ilitengenezwa mwaka 1920 na Oscar Micheaux, Mmarekani mweusi, nayo ndiyo filamu ndefu ya zamani kuliko zote zilizosalia zilizoongozwa na mtu wa jamii hiyo. Evelyn Preer acheza mwalimu aendaye Kaskazini kutafuta fedha za kuokoa shule ya watoto weusi wa Kusini. Ndani yake mna picha za mauaji ya kundi la watu wasiongoja mahakama, zilizotisha wakaguzi wa Chicago, mji ambao mwaka uliotangulia ulikuwa umetoka katika fujo za kikabila. Wataalamu wengi huiona kuwa jibu kwa filamu ya D. W. Griffith ya mwaka 1915, The Birth of a Nation, ambayo ufundi wake mkubwa ulitumiwa kuwatukana watu weusi na kuwatukuza wauaji wao.

Kwa miaka mingi filamu ya Micheaux ilihesabiwa kuwa imepotea. Katika miaka ya 1970 nakala moja ilitambuliwa Hispania, ikiwa na maandishi ya Kihispania na jina la Kihispania, La Negra. Karibu maandishi yote ya Kiingereza yalikuwa yameondolewa. Library of Congress ilipoitengeneza upya mwaka 1993, maneno ya Micheaux yalilazimika kufasiriwa kutoka Kihispania kurudi Kiingereza, kwa kuchunguza namna yake ya kuandika katika kazi zake nyingine. Hivyo mtazamaji wa leo asoma tafsiri ya tafsiri. Lakini bila tafsiri ya kwanza asingekuwa na kitu cha kutazama.

Wala jambo hili si la filamu moja. Nakala asili ya filamu ya Dreyer iliteketea kwa moto mwaka 1928. Nakala njema yenye maandishi ya Kidenmark ilipatikana mwaka 1981 katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo. Sehemu kubwa ya Metropolis ya Fritz Lang, iliyokatwa baada ya kutoka mwaka 1927, ilipatikana Buenos Aires mwaka 2008. Uchunguzi uliotolewa na Library of Congress mwaka 2013 ulikadiria kwamba katika filamu ndefu za kimya za Marekani, zinazokaribia 11,000, ni asilimia 14 tu zilizosalia katika umbo lake la kwanza. Mengi ya yaliyookoka yaliokolewa na ugeni: yalikwenda mbali, yakavikwa lugha nyingine, yakasahauliwa mahali pa salama.

Mtu anayetaka kuanza na aanze na The General, kisha City Lights na filamu ya Ozu. Baadaye Der letzte Mann, Sunrise na Potemkin. Na zile za Dreyer, Vertov na Micheaux azitazame macho yakiisha kuzoea. Achague nakala zilizotengenezwa upya na kuonyeshwa kwa mwendo wake. Zamani kamera ilizungushwa kwa mkono, mara nyingi kwa picha pungufu ya 24 kwa sekunde. Zikiendeshwa kwa mwendo wa filamu za sauti, watu huruka-ruka kama viroboto, na msiba hugeuka mzaha.

Aghalabu msomaji wa Kiswahili hukutana na filamu hizi kwa maandishi ya Kiingereza, ambayo mara nyingi nayo ni tafsiri. Hakuna kazi ya fasihi iliyo fupi kama kuzitia maandishi ya Kiswahili: filamu nzima yaweza kuwa na maneno machache kuliko hadithi fupi. Lakini maneno hayo machache ndiyo yale hasa ambayo picha haikuweza kuyasema: siyo, ikiwa, kwa sababu, ndugu, wewe. Mfasiri akikosea moja, hakuna jingine la kulifidia. Na mfano wa Micheaux wamkumbusha kwamba huenda siku moja tafsiri yake ikawa ndiyo pekee iliyobaki.